Misonobari ya bustani Mwanza inakauka kuanzia ndani: ni maji, mwamba au wadudu?

#1 Ngosha wa Buswelu
Wakuu, mwangaluka.

Kuna jambo linajirudia kwenye bustani nyingi za hapa Mwanza, naomba tulijadili kwa kina. Misonobari ya mapambo, hasa tuja, ile ya majani ya magamba inayochongwa ikawa koni au kupangwa mstari wa uzio, inapendeza miaka mitatu minne kisha inaanza kukauka. Hainyauki. Inaanzia ndani karibu na shina: majani yanageuka njano, yanakuwa rangi ya kutu, ukitikisa tawi yanamwagika. Nje bado kijani. Baadaye matawi ya chini yanakufa mazima na ukavu unapanda juu.

Dai langu ni hili: tunaiua kwa maji. Viwanja vingi huku kwetu vina lile tabaka gumu chini, itogolo au ibambasi. Juu unakuta mchanga wa sentimita 20 au 30, chini yake sululu inadunda. Mtunza bustani anamwaga ndoo mbili kila jioni, maji yanatuama juu ya hilo tabaka, mizizi inakosa hewa, na ukungu wa maji wa jamii ya Phytophthora unapata njia. Mti unakauka huku udongo umelowa. Mwenye nyumba akiona ukavu anaagiza maji yaongezwe.

Namna ya kuhakiki: fukua sentimita 15, usawa wa ncha za matawi, siyo kwenye shina. Kata mzizi wenye unene wa penseli. Mzima ni mweupe ndani na unanukia utomvu. Uliooza ni wa kahawia, ganda linavuka ukilivuta kwa vidole, na unanuka tope.

Mwenye maelezo tofauti alete.

#2 MamaKitalu
Mhola. Uzi mzuri, ila tusikimbilie kutaja ugonjwa. Tuja na misaipresi hudondosha majani ya ndani kwa kawaida. Jani likishakaa miaka miwili, mitatu na mwanga haulifikii, mti unaliacha. Kwa hiyo swali la kwanza ni kahawia imekaaje.

Ikiwa imeenea sawa pande zote, iko ndani tu, na vitawi vya nje vinaendelea kuchipua kijani kibichi, huo ni mti mzima unaojisafisha. Ingiza mkono, pukutisha, zoa yaliyodondoka, basi.

Ikiwa iko upande mmoja, au tawi moja limekufa lote mpaka ncha huku jirani yake ni zima, au kahawia inaanzia nchani kurudi ndani, hapo ndipo pa kutafuta sababu. Watu wengi wanapiga dawa mti ambao hauumwi.

#3 Kirumba Kwetu
Mkuu Ngosha, chunguza kwanza kama Ng'wanamalundi, yule mganga wa Kisukuma anayesimuliwa kukausha miti kwa kidole, hajapita Buswelu.

#4 Ngosha wa Buswelu
@Kirumba Kwetu, angepita yeye ingekauka yote kwa siku moja, hii inakwenda tawi kwa tawi.

@MamaKitalu, nimekusoma. Ninayoizungumzia ni ile ya pili, matawi ya chini yanakufa mpaka nchani.

#5 Fundi Mkasi
Naongezea kwenye #2, maana mkasi una mchango wake.

Tuja inayochongwa koni mara kwa mara kwa usawa uleule inatengeneza ukuta mwembamba wa majani nje, sentimita 10 hadi 15 tu. Ndani hakuna kitu, ni fito kavu. Sasa ukikata ukavuka ule ukuta, umefika kwenye mti usio na jani, na tuja haichipui kutoka hapo pasipo na jani. Msaipresi nao hauchipui. Pengo linabaki. Mwembe au mjohoro ukiukata unarudi, huu haurudi.

Kanuni ninayoisimamia: kata kijani peke yake, usizidi theluthi moja ya urefu wa kichipukizi cha mwaka huo. Mara mbili kwa mwaka inatosha, mwishoni mwa Februari kabla ya masika na tena mwanzoni mwa Juni mvua zinapokoma. Chini pawe papana kuliko juu, hata kwa sentimita 10 kila upande. Ukichonga juu pakawa papana, matawi ya chini yanakaa kivulini na yanakufa. Nusu ya "magonjwa ya chini" ninayoonyeshwa ni kivuli tu.

#6 Isamilo_Juu
Maelezo ya #1 nayakubali kwa tambarare. Milimani habari ni nyingine: Isamilo, Bugando, Capri Point, kote ambako mwamba uko chini ya miguu. Fundi anachimba shimo la futi mbili, anagonga mwamba, anajaza mboji na samadi, anapanda. Lile shimo ni beseni. Masika maji yanaingia na hayana pa kutokea. Kiangazi hakuna akiba yoyote chini na mwamba umeshika joto la mchana kutwa. Mti uleule unazama Aprili na unakaushwa Agosti, ndiyo maana ukiuliza watu wawili mmoja atasema maji yamezidi, mwingine yamepungua, na wote wamesema kweli.

Kabla ya kupanda mlimani, chukua nondo ya milimita 12, igongee chini sehemu tano kuzunguka unapotaka mti. Ikigonga mwamba kabla ya sentimita 60, usichimbe. Inua tuta: upana mita 2, kimo sentimita 40 hadi 50. Hesabu kwa kila toroli kumi za kujazia. Mimi napendelea sita za udongo wa juu, mbili za mchanga mnene, mbili za mboji iliyoiva. Kingo zijengwe kwa mawe bila saruji ili maji yapenye. Mawe Mwanza hatununui.

Kama shimo limeshachimbwa, lipime. Lijaze maji, yaache yaishe yote, lijaze tena, kisha chomeka kijiti chenye alama. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, hapo msonobari usipandwe bila tuta.

#7 Mzee wa Rubya
Vijana mmeacha mdudu nje kabisa. Tuja na misaipresi ina kidukari wake maalumu, Cinara cupressivora. Ni mkubwa kuliko vidukari wa mboga, milimita 2 hadi 4, rangi ya kahawia yenye vumbi la kijivu, na anakaa kwa makundi ndani ya mti kwenye vitawi vyembamba, siyo kwenye ncha laini. Ndiyo sababu ukavu unaanzia ndani. Aliingia kupitia Kenya 1990 akashuka kwetu.

Dalili zake zinafuatana. Sisimizi wanapanda na kushuka shinani bila sababu inayoonekana. Chini ya mti mawe au vitofali vinanata kwa majimaji matamu anayoyatoa. Majani ya ndani yanapata masizi meusi. Kisha kahawia. Mate yake yana sumu kwa mti, kwa hiyo tawi linakufa hata sehemu ambayo hakufyonza. Anashamiri kiangazi, Juni hadi Septemba.

Tiba: wakiwa wachache, bomba la maji lenye nguvu ndani ya mti asubuhi, kisha sabuni ya maji vijiko viwili vya chakula kwa lita 5, ilowe ndani siyo nje tu. Rudia baada ya wiki moja. Wakizidi, dawa ya wadudu ya imidakloprid ya kumwagia kwenye udongo kwa kipimo cha kibandiko. Usimwagie mti wenye mizizi iliyooza, hautainyonya. Na msipige dawa mti unaonata ukiwa na nyuki, maana nyuki wanakuja kulamba ule utamu.

#8 MamaKitalu
Shikamoo mzee. Marekebisho kidogo. Afrika aligunduliwa kwanza kaskazini mwa Malawi, 1986. Kenya ndiyo 1990. Kwa hiyo alipanda kutoka kusini, hakushuka. Na jina la Cinara cupressivora amepewa 1999, kabla ya hapo aliitwa Cinara cupressi, ndiyo maana vitabu vya zamani vina jina hilo. Malawi walileta nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, 1994, anayetaga ndani ya kidukari na kumuua.

Sabuni: tuja zenye rangi ya bluu zijaribu tawi moja kwanza, subiri siku mbili. Sabuni inaondoa ile nta ya juu ya jani na rangi haitarudi mpaka machipukizi mapya.

#9 Mzee wa Rubya
Marahaba. Nakubali ya Malawi. Hoja yangu ya mdudu inabaki palepale.

#10 Luseni
Hapa ndipo mimi natofautiana na mzee. Nimepekua tuja zenye kahawia bustani nyingi za Pasiansi na Nyamanoro sikuti kidukari. Ninachokuta ni utitiri mwekundu. Kidukari unamwona kwa macho, utitiri humwoni mpaka umtafute.

Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya tawi lenye rangi iliyofifia, ligonge tawi mara tatu. Subiri kidogo. Vumbi likianza kutembea, pitisha kidole juu yake: likiacha mstari wa kijani kibichi au mwekundu, huyo ni utitiri. Jani lake halianzi na kahawia, linaanza na vidoa vidogo vya njano, mti unapoteza mng'ao, unakuwa kama umepigwa vumbi la barabara, halafu shaba, halafu kahawia.

Anapenda joto, ukavu na vumbi. Tuja ya kando ya barabara ya vumbi ndiyo ya kwanza. Na hapa kuna kosa kubwa: mtu anaona mdudu, ananunua dawa kali ya kuua kila kitu, zile za jamii ya pairethroidi. Zinaua wadudu rafiki wanaokula utitiri, utitiri wenyewe unabaki, na baada ya wiki mbili wamejaa kuliko mwanzo. Kwa utitiri tumia salfa ya unga wa kuyeyusha, gramu 40 hadi 50 kwa lita 20, asubuhi na mapema au jioni, kamwe siyo jua kali maana inaunguza. Au abamektini. Kuosha mti kwa maji ya nguvu kila wiki wakati wa kiangazi peke yake kunapunguza sana.

#11 Mzee wa Rubya
@Luseni, hukuti kidukari kwa sababu kahawia inaonekana wiki nyingi baada ya yeye kufyonza. Unafika eneo la tukio mhusika ameshahama. Tafuta masizi meusi na magamba meupe aliyojivua, hayo hayahami.

#12 Luseni
Masizi nimeyatafuta pia mzee. Kwenye uzio wa Igoma kote hakuna, na utitiri ulikuwepo tele.

#13 Nansio Ziwani
Tahadhari kwa wa mwaloni. Kando ya ziwa wale wadudu wanaoruka kama moshi juu ya maji wakitua, buibui wanafuata, na kila mti unajaa utando. Watu wanaona utando kwenye tuja wanasema utitiri, wanapiga salfa bure. Utando wa buibui ni mpana, umetandazwa nje, una mizoga ya wadudu. Wa utitiri ni mwembamba mno, uko katikati ya magamba ya jani, na una punje zinazotembea.

Jambo la pili ambalo hamjalitaja: maji kutoka chini. Ziwa lilipopanda 2020 na tena 2024, viwanja vya chini vya ufukweni maji ya ardhini yalisogea karibu na mizizi. Juu ardhi ilionekana kavu. Kipimo cha #1 cha kufukua sentimita 15 hakionyeshi hilo. Fukua hadi sentimita 60 na uache shimo wazi usiku kucha, asubuhi uangalie kama kuna maji.

#14 Kirumba Kwetu
Na wa ufukweni mkumbuke katazo la shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, Sheria ya Mazingira ya 2004, kabla ya kupanga uzio.

#15 DadaMboji
Swali jamani. Nimesikia ukichukua udongo chini ya mipaina mikubwa, ile ya misitu ya kupandwa ya Rubya au Buhindi, ukauchanganya kwenye shimo, misonobari yote inashamiri. Hii ya kukauka si kwa sababu udongo wetu hauna huo uhai?

#16 Mzee wa Rubya
Ni kweli kwa paina, si kweli kwa tuja. Mzizi wa paina unaishi na kuvu maalumu wa nje ya mzizi, na kuvu hao hawakuwepo kwenye ardhi yetu kabla ya paina kuletwa. Bila wao mche wa paina unakaa njano na kudumaa, kwa hiyo vitaluni tunachanganya udongo wa msitu wa paina, sehemu moja kwa kumi hivi. Tuja, saipresi, araukaria na podo zinatumia kuvu wa aina nyingine, wanaoingia ndani ya mzizi, na hao wako kwenye udongo wa kawaida wa shamba la mahindi. Ukisafirisha gunia kutoka Ukerewe kwa ajili ya tuja umelipa nauli ya meli bure.

#17 DadaMboji
Wabeja sana mzee.

#18 Sangabuye
Naona wote mnatazama mti ulipofika, hakuna anayetazama ulikotoka. Kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche.

Miche mingi ya mapambo inauzwa kando ya barabara ikiwa imekaa kwenye kiriba muda mrefu kuliko inavyostahili. Mzizi unafika chini, hauna pa kwenda, unazunguka. Ukiupanda hivyo unaendelea kuzunguka. Miaka mitatu minne mti unakua vizuri, kisha ile mizizi iliyojiviringa inanenepa, inakaba shina kwa chini, na upande uliokabwa unakufa. Angalieni muda: ndio uleule wa #1. Tena ukavu wa upande mmoja wa #2.

Ishara ya nje: shina linaingia ardhini likiwa limenyooka kama bomba upande mmoja, bila kupanuka pale linapokutana na mizizi. Fukua kwa mkono sentimita 10 kuzunguka shina. Ukikuta mzizi unapita mbele ya shina kwa upana, huo ndio. Ukiwa mwembamba kuliko kidole, kata kwa patasi kali na uuondoe. Ukiwa mnene umeshazama kwenye shina, uache, utaongeza jeraha.

Wakati wa kununua: pindua kiriba, uone mizizi iliyotoka chini. Ikiwa mingi na minene, rudisha. Mche wa tuja wa sentimita 40 wenye mizizi safi unaupita wa mita moja na nusu uliozeeka kwenye kiriba. Na ukipanda, chana kiriba na ukitoe chote, kata kwa kisu mistari mitatu ya wima kwenye bonge la udongo, kina cha sentimita 2, ili mizizi ielekee nje. Usawa wa udongo ubaki uleule wa kitaluni. Kuzamisha shina kwa sentimita tano tu kunaoza gome.

#19 Ngosha wa Buswelu
@Sangabuye, hii ina uzito. Ila haielezi kwa nini mistari mizima ya uzio inakauka kwa mfuatano kutoka upande wa chini ya mteremko kwenda juu. Mzizi uliojiviringa hauambukizi jirani. Ukungu wa maji unatembea na maji.

#20 Sangabuye
Mistari inayofuata mteremko nakuachia. Mti mmoja mmoja bustanini ni kiriba.

#21 Bibi wa Malimbe
Wajukuu, hamjambo. Ukuta na saruji mmeviacha. Tuja inapandwa nusu mita kutoka ukuta uliopakwa chokaa, mbele yake vitofali vya pevingi. Mafundi walichanganyia zege palepale. Fukueni, mtakuta vipande vya saruji na mchanga wa jengo. Udongo wa hivyo ni wa chokaa, mti unashindwa kunyonya madini ya chuma. Lakini tazameni rangi vizuri: shida ya chokaa inaanza kwenye machipukizi mapya, yanakuwa njano iliyopauka. Majani ya zamani yanabaki kijani. Hii ni kinyume kabisa cha mnayoyasema. Mkiona mpya njano, ondoeni kifusi, wekeni mboji na matandazo, msikimbilie dawa ya ukungu.

Ukuta unaotazama magharibi nao unaunguza. Upande wa mti unaogusa joto la ukuta unakauka, upande wa pili mzima. Acheni mita moja na nusu.

#22 Isamilo_Juu
Shikamoo bibi. Na mbwa pia. Kahawia ya upande mmoja, haizidi nusu mita kutoka ardhini, kwenye kona ya njia, kila mti wa kona. Mkojo. Mwagia ndoo ya maji mara mbili kwa wiki na zungushia wavu mdogo.

#23 Fundi Mkasi
Kuna kitu kingine kinachoua tawi moja moja: madonda ya gome, ukungu wa Seiridium. Tafuta mahali gome limebonyea na utomvu unachuruzika, chini kidogo ya mwanzo wa sehemu iliyokufa. Hauna dawa ya kupuliza inayoponya. Kata sentimita 10 hadi 15 chini ya donda, hali ya hewa ikiwa kavu, futa mkasi kwa spiriti kila baada ya mkato, choma ulichokata. Mkasi mchafu ndio unaohamisha ugonjwa kutoka mti hadi mti, kwa hiyo @Ngosha, mfuatano wa uzio wako unaweza kuwa wa mkasi, siyo wa maji. Mchongaji anaanza upande mmoja anamalizia mwingine.

#24 Ngosha wa Buswelu
Hilo sikulitazama. Nitarudi kutafuta utomvu.

#25 Luseni
Turudi kwenye maji aliyoanza nayo mleta mada, safari hii kwa ubora wake. Maji ya ziwa ni laini, hayana chumvi nyingi. Baadhi ya visima ndiyo vyenye chumvi. Kama bustani imehamia kisimani na ukavu ukaanza kwenye ncha za majani ukirudi nyuma, pima chumvi kwa kile kifaa kidogo cha kuchovya. Chini ya mikrosimensi 700 kwa sentimita hakuna wasiwasi. Kati ya 700 na 3,000 umwagilie kwa wingi kwa mkupuo mmoja ili chumvi ishuke chini ya mizizi, siyo kidogokidogo kila siku. Juu ya hapo tafuta maji mengine.

#26 MamaKitalu
Kiasi cha maji, kwa sababu wengi wanauliza pembeni. Mche mpya kiangazi: lita 10 mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha lita 20 mara moja kwa wiki mpaka ufikishe miaka miwili. Mti wa mita mbili uliokwisha kushika: lita 40 hadi 60 kila wiki mbili kiangazi, mvua zikianza acha. Kabla ya kumwaga chomeka kijiti hadi sentimita 15, kikitoka na udongo uliogandamana, ahirisha. Matandazo ya pumba za mpunga au nyasi unene wa sentimita 7, lakini yaishie kiganja kimoja kabla ya shina, la sivyo unawaita mchwa.

Mbolea: NPK 17:17:17, gramu 50 kwa mti wa mita mbili, mwanzo wa vuli na mwanzo wa masika, izungushwe usawa wa ncha za matawi. Urea iacheni. Inaleta machipukizi mateke ambayo vidukari wanayapenda. Mbolea ya kuku mbichi inaunguza mizizi.

#27 Kirumba Kwetu
Naombeni tuhamie kwa araukaria kidogo, ule mrefu wa matawi ya ngazi. Mmoja umekatwa kilele Desemba wakapambia sebule. Utarudi?

#28 Sangabuye
Hautarudi ulivyokuwa. Araukaria ina kilele kimoja, na umbo lote la ngazi linatoka hapo. Ukikikata, shina linaweza kutoa vilele viwili vitatu vinavyoshindana. Chagua kimoja kilichosimama wima, vingine vikate vikiwa vidogo, kifunge kwenye mwanzi kwa kitambaa laini. Utaona kipindo maisha yote.

Na msijaribu kuotesha kutoka tawi la pembeni. Litashika mizizi, litakua likilala pembeni daima. Kilele tu ndicho kinachotoa mti wa kusimama, au mbegu, nayo iwe mbichi maana inakufa haraka. Ilaze kwa ubavu, nusu ionekane.

#29 DadaMboji
Na unaoinama? Nimesoma kwamba araukaria huinama kuelekea ikweta.

#30 MamaKitalu
Anayefanya hivyo ni ndugu yake, Araucaria columnaris, na utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kuinama kunaongezeka kadiri unavyokuwa mbali na ikweta. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini. Hapa ukiinama, angalia upepo wa ziwa au kivuli cha nyumba. Araucaria heterophylla, wa kisiwa cha Norfolk, husimama wima ukipata jua pande zote.

#31 Mzee wa Rubya
Halafu mnapanda mti unaoweza kupita mita 25 chini ya nyaya za umeme. Mita 8 kutoka nyumbani, na mbali na chemba ya maji machafu. Ukanda wetu wa ziwa una radi nyingi, mti mrefu kuliko paa usikae karibu na paa.

#32 Bibi wa Malimbe
Kama mnataka uzio wa kijani usiowasumbua, pandeni podo. Ni msonobari wa kwetu, kule Minziro mkoani Kagera kuna wa jamii hiyo, Afrocarpus dawei, unaoishi msitu unaofurika maji. Na podo unachipua ukikatwa hadi pasipo na jani, tofauti na tuja.

#33 Fundi Mkasi
Bibi yuko sahihi kwenye kuchipua. Ila podo ni wa taratibu mno, anayetaka uzio wa mita mbili kwa miaka mitatu hatakuelewa. Na msaipresi mnaoupenda kwa kasi yake, kwao ni milima ya Mexico na Amerika ya Kati. Kwetu unafaa zaidi nyanda za juu kuanzia mita 1,500 hivi. Mwanza tuko kama 1,140. Joto linauchosha, kidukari anamalizia. Tuja ya Platycladus orientalis inavumilia joto vizuri zaidi.

#34 Mzee wa Rubya
Inavumilia joto, kidukari haimvumilii.

#35 Ngosha wa Buswelu
Wakuu wabeja. Taarifa: nimefukua chini ya mteremko, mizizi ya miti mitatu ya mwanzo ni kahawia na ganda linavuka. Mti wa nne mizizi ni myeupe lakini una tawi moja linalotoa utomvu, kama alivyosema Fundi. Karatasi ya Luseni ilionyesha utitiri kwenye mti wa tano na wa sita. Sisimizi hakuna.

#36 Luseni
Utitiri nilisema.

#37 Fundi Mkasi
Utomvu pia umesemwa. Kata leo ardhi ingali kavu.

#38 Isamilo_Juu
Mizizi iliyooza kwanza. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 50 upande wa juu wa uzio, uongoze maji nje ya kiwanja. Dawa ya metalaksili inazuia ukungu wa maji usiendelee, haifufui mzizi uliokufa. Miti yenye mizizi iliyooza zaidi ya nusu ing'oe na udongo wake usiuhamishie pengine.

#39 DadaMboji
Ya kuziba mapengo ipandwe mwezi gani, na umbali gani?

#40 MamaKitalu
Novemba, mvua za vuli zikishashika, ili ipate vuli na masika kabla ya kiangazi cha kwanza. Uzio wa tuja sentimita 75 kati ya mche na mche, ukitaka ufunge haraka 60. Usirudishe tuja kwenye shimo lilelile lililooza. Sogea pembeni au inua tuta la #6.